Dola Moja na Nusu Iliyovaa Jina la Jiji

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: Ada ya Chicago, dola 1.50. Ulikaa kwenye risiti ya DoorDash, aplikesheni ya Marekani ya kupeleka chakula, pamoja na ndugu zake, ada ya kupeleka, ada ya huduma na kodi, pale ambapo macho ya mtu mwenye njaa hupita haraka yakitafuta kitufe cha kulipia. Mkazi wa Chicago aliyeuona hakuwa na sababu ya kuushangaa. Mji ule una sifa ya kodi. Chakula cha mgahawani peke yake kilikuwa kinakatwa kodi ya asilimia 10.75, na ukila katikati ya mji ilifika 11.75. Kwa hiyo jiji limebuni nyingine, basi, tulipe tule.

Ila jiji halikuwa limebuni chochote. Hakuna hata senti moja ya ile dola na nusu iliyokwenda kwenye hazina ya Chicago. DoorDash ndiyo iliyoiweka, DoorDash ndiyo iliyoichukua, na iliiweka baada ya jiji kuibana kampuni hiyo isizikamue hoteli na migahawa kupita kiasi. Yaani serikali ya jiji ilimkinga mwenye mgahawa, mlaji akatumiwa bili ya ile kinga, na juu ya bili pakaandikwa jina la serikali.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo kanuni nyingi za uwazi wa ada hupotea njia. Tukisema uwazi, wengi tunaelewa kwamba kila kitu kionekane kwenye risiti. Ada ya Chicago ilionekana. Ilikuwa na mstari wake, jina lake na kiasi chake hadi senti. Ikaishia mahakamani hata hivyo.

Turudi nyuma kidogo. Aprili 2020, migahawa ya Chicago ikiwa imefunga viti kwa sababu ya korona na chakula kikichukuliwa dirishani au kupelekwa nyumbani tu, mwenye gari la kuuzia piza aliweka Facebook taarifa yake ya mwezi Machi kutoka Grubhub, aplikesheni nyingine ya kupeleka chakula. Oda alizouza kupitia Grubhub zilikuwa na thamani ya dola 1,042.63. Kilichomfikia mkononi ni dola 376.54. Watu walikaa wakipiga hesabu: katika kila dola aliyolipa mteja, muuza piza alibaki na senti 36 hivi. Grubhub ilieleza kwamba si yote ilikuwa kamisheni, kwamba ndani yake mlikuwa na promosheni na marejesho ya oda. Maelezo yale yana ukweli wake, na ukiisoma taarifa ile unaona mistari hiyo. Lakini mtu aliyekuwa akiagiza piza kwa nia ya kulisaidia duka la mtaani kwake alikuwa hajawahi kuona hata mstari mmoja. Yeye alidhani akilipa dola 20, muuza piza anapata dola 20 kasoro kidogo.

Na Grubhub haikuwa mgeni pale. Ilizaliwa Chicago mwaka 2004. Kelele zilipoanza, zilianzia nyumbani.

Jiji halikukawia. Mei 2020 meya Lori Lightfoot na idara ya jiji inayosimamia biashara na kumlinda mlaji walitoa kanuni: kila aplikesheni ya kupeleka chakula imwonyeshe mteja mchanganuo wa oda yake. Bei ya chakula iwe peke yake. Kodi peke yake. Ada anayotozwa mteja peke yake, bakshishi peke yake. Na hapa ndipo kanuni hiyo ilipokuwa na meno kuliko za miji mingi: kamisheni anayokatwa mwenye mgahawa nayo ionyeshwe. Fedha ambayo siku zote ilizungumzwa jikoni kati ya kampuni na mpishi, sasa iletwe mezani kwa mlaji.

Nadhani wazo lilikuwa zuri. Ila lilitegemea dhana moja, kwamba mlaji akishaona kamisheni ni asilimia 30 atakasirika, atafunga aplikesheni, atapiga simu moja kwa moja mgahawani, na kampuni itaona haya na kushusha makato. Wengine walifanya hivyo. Wengi waliona, wakaguna, wakabonyeza kulipa, kwa sababu ni saa mbili usiku, baridi ya Chicago inapiga dirishani, na mchele wa nyumbani umekwisha.

Novemba 2020 jiji likaongeza hatua. Baraza la jiji lilipitisha ukomo wa muda: ada ya kupeleka anayotozwa mgahawa isizidi asilimia 10 ya thamani ya oda, na ukijumlisha makato yote yasizidi asilimia 15. Kampuni zilizokuwa zimezoea asilimia 30 zikakatwa nusu kwa siku moja.

Hapo ndipo dola na nusu ilipozaliwa.

Ili kuelewa mantiki yake inabidi kukubali kwamba aplikesheni hizi zina mifuko miwili ya kuchota. Mmoja ni wa mgahawa, mwingine ni wa mlaji. Ukiubana mmoja, mkono unahamia kwenye mwingine. Tuchukue oda ya mfano, ya kubuni lakini yenye viwango vinavyofanana na vya wakati ule. Chakula ni dola 20. Kodi ya asilimia 10.75 ni 2.15. Ada ya kupeleka iliyotangazwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mgahawa ni 1.99. Ada ya huduma ya asilimia 15 ni 3.00, na hiyo haikutangazwa kwa herufi kubwa popote. Ada ya Chicago 1.50. Jumla ni 28.64 kabla hujamkumbuka dereva. Zile fedha za kampuni peke yake, ukiondoa chakula na kodi, ni dola 6.49. Tangazo lilisema 1.99. Umelipa zaidi ya mara tatu ya tangazo, na hiki ni kisa cha upole. Jiji katika mashtaka yake lilidai kwamba ada zilizofichuliwa mwishoni zingeweza kufika mara sita au zaidi ya ile iliyotangazwa.

Sasa upande wa mgahawa. Kabla ya ukomo, kamisheni ya asilimia 30 kwenye dola 20 ni dola 6. Baada ya ukomo ni 3. Kampuni imepoteza dola 3, imerudisha 1.50 kwa mlaji. Kwenye oda ya dola 40 imepoteza 6 na kurudisha ile ile 1.50. Na kwenye oda ya dola 10? Imepoteza 1.50, imerudisha 1.50. Ngoma droo. Chini ya dola 10 kampuni inatoka na faida kuliko kabla jiji halijaingilia. Anayeufidia ukomo wote ni mlaji wa sahani moja, yule anayeagiza chakula cha mtu mmoja baada ya zamu, wakati familia iliyoagiza karamu inachangia robo tu ya pengo. Ada ya kiasi kimoja kwa kila mtu ina tabia hiyo, nasi tunaifahamu vizuri kwenye makato ya kutuma pesa kidogo kwa simu.

Nikitaja simu nimeukumbuka mfano wa kwetu. Julai 2021, wiki chache tu kabla Chicago haijakwenda mahakamani, Tanzania ilianza kukata tozo kwenye miamala ya simu. Ujumbe wa muamala ulikuja na sehemu mbili, makato ya kampuni na tozo ya serikali. Watu walilalamika kila kona, na Septemba mwaka ule ule serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu tozo ile. Lakini jina lake lilikuwa la kweli. Iliitwa ya serikali, na ilikwenda serikalini. Kwa hiyo wananchi walijua wa kumlalamikia, na malalamiko yalifika kwa mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi ya jina la ada kwenye risiti. Linakueleza mlango wa kugonga. Ada ya Chicago ilimpeleka mlaji kwenye mlango wa meya, wakati aliyeshika fedha yuko San Francisco. Jiji likaubeba mzigo wa hasira bila kubeba fedha. Na kwa kampuni ile hasira ilikuwa na thamani pengine kuliko dola na nusu yenyewe, maana wapiga kura wakichoka na "kodi" ya chakula, diwani atafikiria mara mbili kabla ya kuurefusha ukomo.

Tarehe 27 Agosti 2021 jiji la Chicago lilifungua mashauri mawili, moja dhidi ya DoorDash na jingine dhidi ya Grubhub, kwa madai ya udanganyifu na mwenendo usio wa haki katika biashara. Kampuni zote mbili zilikana. Msomaji atagundua jambo moja: jiji halikuegemea sana ile kanuni yake ya Mei 2020 ya kuchanganua risiti. Lilirudi kwenye sheria ya zamani zaidi na pana zaidi, ile inayokataza kumpotosha mlaji. Kanuni ya mchanganuo inauliza kama mstari upo. Sheria ya udanganyifu inauliza mtu wa kawaida akiusoma ule mstari ataelewa nini.

Tujaribu kuutetea upande wa pili, kwa sababu hoja yao si ya kupuuzwa. Wakili hodari angeweza kusema hivi. Ada ilitozwa Chicago tu, kwa hiyo kuiita ya Chicago ni kutaja mahali. Ilisababishwa na sheria ya Chicago, kwa hiyo kuiita hivyo ni kutaja chanzo. Ilionyeshwa kabla mteja hajalipa, kwa hiyo hakuna aliyeshtukizwa. Na kampuni ya biashara ina haki ya kumwambia mteja wake kwamba bei imepanda kwa sababu ya uamuzi wa serikali. Wauza mafuta hufanya hivyo kila siku.

Yote sawa, ukiyachukua moja moja. Ila muuza mafuta anayesema "bei imepanda kwa sababu ya kodi" anakuambia kuhusu kodi iliyopo. Na maneno mawili kwenye risiti hayana nafasi ya kueleza mahali, chanzo na nia. Yanasomwa kwa mazoea. Kwenye risiti za Marekani, mstari wenye jina la jiji au jimbo kwa kawaida ni kodi ya jiji au jimbo. Kampuni iliyochapisha mamilioni ya risiti inalijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe. Kama nia ilikuwa kueleza, lugha ilikuwa tele: "ada yetu ya kufidia ukomo wa kamisheni" inaingia kwenye skrini bila shida. Ni ndefu kidogo. Ni chungu kidogo pia, kwa sababu neno "yetu" lina mwenyewe.

Hilo ni tatizo la jina. Tatizo la pili, la wakati ada inapoonyeshwa, ni gumu zaidi. Mwezi uliopita niliagiza chipsi kuku kupitia aplikesheni moja hapa Dar, jina nalihifadhi. Orodha ilisema shilingi 11,000, na usafiri 2,000. Nikachagua kuku wa kuchoma badala ya kukaanga. Nikaandika pilipili pembeni. Nikaandika maelekezo, geti la bluu mkabala na duka la dawa, usipige honi mtoto kalala. Nikampigia mke wangu kwamba asipike. Ndipo ukurasa wa mwisho ukaja na ada ya huduma 1,100 na ada ya oda ndogo 1,500. Jumla 15,600. Wiki iliyofuata nilipita pale pale kwa miguu, ubaoni kuku huyo huyo na chipsi zake ni 9,500.

Kabla ya kulipa niliona kila shilingi, siwezi kusema nilifichwa. Ila nilionyeshwa nikiwa nimeshajifunga. Nimetumia dakika kumi, nimetoa ahadi nyumbani, nimeshaonja kwa akili. Kurudi nyuma kutafuta mahali pengine ni kuanza upya safari ile ile kwenye aplikesheni nyingine, ambako nako sitaijua bei hadi mwisho. Nikalipa, kama wanavyolipa wengi. Hiyo ndiyo bei ya kudondosha: unapewa tone la kwanza ili ukae, yanayofuata yanadondoka ukiwa umeshakaa.

Madhara yake hayaishii kwa aliyelipa. Aplikesheni ikitangaza 1.99 na kuchukua 6.49, ile inayotangaza 4.99 na kuchukua 4.99 inaonekana ghali. Mkweli anapoteza wateja. Baada ya muda atajifunza naye kupasua ada yake vipande vipande, kipande kidogo kikae mbele na vikubwa nyuma. Ndiyo maana siamini sana ile kauli kwamba soko litajirekebisha, mteja akichoka atahama. Atahamia wapi, kama wote wanadondosha?

Halafu kuna zile 1,500 za ubaoni, tofauti ya 9,500 na 11,000. Hakuna mstari wa risiti unaozionyesha, wala kanuni ya Chicago haikuzigusa. Mwenye mgahawa anayekatwa asilimia 25 au 30 hupandisha bei ya menyu ndani ya aplikesheni ili asife. Simlaumu. Lakini maana yake ni kwamba mlaji analipa kamisheni pia, kimyakimya, ikiwa imechanganywa na kuku, halafu juu yake analipa ada ya huduma kana kwamba huduma haijalipiwa. Mchanganuo unaoanza na "bei ya chakula" unaanzia hatua moja mbele ya pale ukweli unapoanzia.

Mashtaka ya Chicago yalikuwa na mengine mengi ambayo nitayapita haraka. Migahawa kuorodheshwa bila kuombwa ruhusa, mteja akaagiza chakula ambacho mgahawa hauna habari nacho. Grubhub ilidaiwa kuweka namba za simu zilizoonekana kama za mgahawa na kukata kamisheni hata kwa simu ambazo hazikuzaa oda. Promosheni ya wakati wa korona iliyopewa sura ya kusaidia migahawa ilidaiwa kwamba mzigo wa punguzo lake ulibebwa na mgahawa wenyewe.

Lakini dai la bakshishi nitasimama nalo, kwa sababu ni kisa kile kile cha jina, kimebadilisha nguo. Hadi mwaka 2019 DoorDash ilikuwa na mtindo wa malipo uliomhakikishia dereva kiasi fulani kwa kila safari. Bakshishi ya mteja ilihesabiwa ndani ya kiasi kile. Tuseme dereva ameahidiwa dola 7. Mteja asipotoa kitu, kampuni inatoa 7. Mteja akitoa 3 kwa moyo mkunjufu, kampuni inatoa 4. Dereva amepata 7 zile zile. Kwa hiyo zile dola tatu zilizoandikwa kuwa ni za dereva ziliipunguzia kampuni gharama. Hakuna aliyeziiba, zilipita mkononi mwa dereva kweli. Ila mtu aliyebonyeza kitufe cha bakshishi hakuwa akikusudia kuisaidia kampuni kulipa mishahara. Kampuni iliuacha mtindo huo baada ya kelele, na Novemba 2024 ilikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois kulipa dola milioni 11.25 kwa ajili ya madereva wa miaka ile.

Mashauri yenyewe yalikwenda mwendo wa kinyonga. Lile la DoorDash lilihamia mahakama ya shirikisho, na mwaka 2022 jaji alikataa ombi la kampuni la kulitupa nje. Kukataa huko hakukusema kwamba udanganyifu umethibitishwa, kulisema tu kwamba hoja za jiji zinastahili kusikilizwa. Mwishoni mwa 2025 pande mbili zilipatana, DoorDash ikakubali kifurushi cha dola milioni 18, ndani yake mkiwa na fungu la walaji, la migahawa na la madereva. Wakati huo ukomo wa korona ulikuwa historia, meya alikuwa mwingine, na mlaji wa sahani moja wa mwaka 2021 huenda alikuwa amekwishahama mji.

Grubhub ilikutana na mkubwa zaidi. Tarehe 17 Desemba 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na Illinois zilitangaza makubaliano ya dola milioni 25 na kampuni hiyo, zikiituhumu kwa mambo yanayofanana sana na yale ya Chicago: gharama ya kupeleka inayotangazwa ndogo kisha inavimba, na migahawa hadi 325,000 kuorodheshwa bila ridhaa. Hukumu kwenye karatasi ilikuwa ya dola milioni 140, ikapunguzwa kwa sababu kampuni haikuwa na uwezo wa kuilipa yote. Miongoni mwa masharti: imwambie mlaji gharama kamili ya kupelekewa chakula.

Siku hiyo hiyo, tarehe 17 Desemba 2024, tume ile ile ilitoa kanuni yake ya kitaifa dhidi ya ada za kubambikiza. Rasimu ya 2023 ilikuwa imelenga karibu biashara zote. Iliyotoka, na kuanza kazi Mei 2025, inagusa vitu viwili tu: tiketi za burudani na malazi ya muda mfupi. Aplikesheni za chakula hazimo. Siku moja, ofisi moja: kampuni moja ya chakula inatozwa mamilioni kwa kudondosha bei, na sekta nzima ya chakula inaachwa nje ya kanuni inayokataza kudondosha bei. Anayetaka kujua kwa nini miji na majimbo huko hujitungia kanuni zake, jibu ni hilo.

Wanaopinga bei kamili ya mapema wana hoja moja ambayo naiona ya haki. Chakula si tiketi. Bei ya kupeleka hutegemea umbali, saa, mvua, na ukubwa wa kapu, na kapu halijulikani hadi mtu amalize kuchagua. Huwezi kuandika 28.64 kwenye picha ya burger kabla hujajua kama ataongeza soda. Ni kweli. Uingereza, ambayo tangu Aprili 2025 inakataza bei ya kudondosha, ililitazama hilo: ada ya lazima iingie kwenye bei ya mwanzo, na kama kweli haiwezi kukokotolewa mapema, basi mteja aonyeshwe jinsi itakavyokokotolewa, na maelezo hayo yasifichwe chini ya bei. Ada ya Chicago haikutegemea umbali wala soda. Ilikuwa 1.50 kwa kila mtu. Ilijulikana tangu mteja anafungua aplikesheni.

Na tusijidharau. Kenya iligusa suala la wakati wa kuonyesha ada kabla ya miji hii kuanza kubishana kuhusu piza. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliziagiza benki na kampuni za simu zimwonyeshe mteja gharama ya huduma ya kifedha kwenye simu yake, akiwa bado ana nafasi ya kuacha. Kabla ya hapo wengi waliyaona makato kwenye ujumbe wa baada ya kazi kuisha. Aliyewahi kusoma kiasi cha ada kwenye simu, akabonyeza kurudi na kwenda kumpa fundi fedha taslimu, anaelewa kwa nini tarakimu ile ile ina uzito tofauti kabla na baada.

Kama ningeombwa kuandika kanuni ya aplikesheni za chakula kwa ajili ya Dar au Nairobi, ningeanzia na jina na wakati, mchanganuo ningeuweka wa tatu. Ada inayobaki kwa kampuni ibebe jina la kampuni. Neno la serikali, jiji, kanuni au kodi lisiruhusiwe kukaa kwenye mstari ambao fedha yake haiendi huko. Ada zote za kiasi kimoja na asilimia za ada ya huduma zionekane pale pale ukurasa wa mgahawa unapofunguka, kwa herufi zilezile za ada ya usafiri. Na mgahawa uwe huru kuandika ndani ya aplikesheni kwamba kuku huyu dukani ni 9,500, bila mkataba kumfunga mdomo. Hilo la mwisho halingegharimu serikali hata shilingi, na nina hakika ndilo litakalopigwa vita kuliko yote.

Januari 2024, kesi ya Chicago ikiwa bado mahakamani, sheria ya mji wa Seattle ya kima cha chini cha malipo kwa madereva wa aplikesheni ilianza kazi. DoorDash ikaongeza mstari kwenye oda za Seattle. Safari hii ulikuwa dola 4.99. Jina nalo lilikuwa jingine. Uliitwa ada ya kuitikia kanuni.